Bega Limepona, Goti Linagoma: Nitaweza Kupandisha Baiskeli hadi Horombo Mwezi wa Januari?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Moshi, nina umri wa miaka 44, na baiskeli ya mlimani ndiyo mchezo wangu tangu nilipoacha netiboli. Mwaka jana mwezi wa Septemba nilianguka nikiteremka kutoka Uru, nikavunjika mtulinga wa kulia. Sikufanyiwa upasuaji, nilifungwa mkono kwa kitambaa, na picha ya eksirei iliyopigwa miezi 3 baadaye ilionyesha kwamba mfupa umeunga. Niliporudi kwenye baiskeli nilishusha kiti kidogo ili miguu ifike chini upesi nikihisi kuyumba. Mwezi wa Machi goti la kushoto likaanza kuuma kwa mbele, kuizunguka pia ya goti, hasa nikipandisha mlima au nikishuka ngazi za shuleni. Nilipumzika wiki 6, maumivu yakaisha. Nikarudi barabarani, na siku chache tu baadaye yakarudi vilevile. Nimepumzika tena, na sasa, mwezi wa Agosti, goti limetulia. Wenzangu wamepanga kupandisha Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Kilema hadi kituo cha Horombo mwishoni mwa Januari. Je, nijiunge nao? Nijiandae vipi nisije nikaumia mara ya tatu? Na je, nivae soksi ya goti na kumeza diklofenaki siku ya safari?

JIBU: Dada yangu, pole kwa mwaka mzima wa kuugulia. Jibu langu ni kwamba unaweza kujiunga nao, kwa sharti kwamba uamuzi wa mwisho usiufanye leo bali mwishoni mwa Desemba, kwa vipimo nitakavyokueleza. Kuanzia sasa hadi mwishoni mwa Januari una takriban wiki 25, nazo zinatosha, hata ukiondoa wiki 4 ambazo ningependa uziweke akiba kwa ajili ya malaria, mitihani ya wanafunzi wako, au goti lenyewe kununa.

Kabla ya mazoezi, tuangalie jambo ambalo umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonivutia zaidi katika barua yako. Umeandika kwamba ulishusha kiti. Wewe unayahesabu majeraha yako kuwa mawili yasiyohusiana, bega kwanza na goti baadaye, lakini kwa maelezo uliyonipa naamini la pili limezaliwa na la kwanza. Mtu aliyeanguka hutaka kuwa karibu na ardhi, na hilo halina aibu. Ila kiti kikishuka, goti hulazimika kukunjika zaidi kila mguu unapofika juu, na huo ndio wakati unapoanza kuisukuma pedeli kwa nguvu. Kadiri goti linavyokunjwa zaidi huku likisukuma, ndivyo pia ya goti inavyokandamizwa zaidi dhidi ya mfupa wa paja ulio nyuma yake. Ongeza jambo la pili: bega lililokuwa bado na woga halikutaka kuvuta usukani, kwa hiyo bila shaka ulikuwa ukikaa tu na kunyonga gia nzito kwa taratibu badala ya kubadilisha mkao. Kilomita moja ya namna hiyo haina madhara, lakini goti lililozungushwa maelfu ya mara katika safari moja ya kupandisha lina kila sababu ya kulalamika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya spana. Egemeza baiskeli ukutani, kaa juu ya kiti ukiwa umevaa viatu unavyoendeshea, weka kisigino juu ya pedeli na uishushe hadi chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuegemea upande mmoja. Ukiuweka mguu mahali pake pa kawaida, yaani sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole ikiwa juu ya pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo, ambao mafundi wa vipimo vya baiskeli huutaka uwe kati ya nyuzi 25 na 35. Usikipandishe kiti chote kwa siku moja: ongeza nusu sentimita, endesha safari mbili au tatu, kisha ongeza tena. Ukiona maumivu yamehamia nyuma ya goti, au nyonga zinacheza huku na huku unaponyonga, umepitiliza. Ukishapata kimo sahihi, zungushia mkanda mweusi wa mafundi umeme kwenye nguzo ya kiti, mahali inapoingia kwenye fremu, ili hata ukishusha kiti kwa ajili ya mteremko usilazimike kubahatisha unapokirudisha. Kama mfuko unaruhusu, kuna nguzo za kiti zinazopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe kilichoko kwenye usukani. Kwa mtu mwenye historia yako, ningeinunua hiyo kabla ya kufikiria magurudumu mepesi au nguo za bei.

Hukunieleza una gia zipi, nami ningependa uzihesabu meno leo jioni. Watu wengi hudhani baiskeli ya mtumba yenye gia tatu za mbele imepitwa na wakati, lakini kwa mpando kama huu si mnyonge hata kidogo. Gia ndogo ya mbele yenye meno 22 ikifanya kazi na ya nyuma yenye meno 32, kwa gurudumu la inchi 26, hukusogeza takriban mita 1.4 kwa mzunguko mmoja wa miguu. Baiskeli mpya yenye gia moja ya mbele ya meno 30 na ya nyuma ya meno 51, kwa gurudumu la inchi 29, hukusogeza karibu kiasi hichohicho. Inayonitia wasiwasi ni ile ya katikati, yenye meno 32 mbele na 42 tu nyuma, ambayo husogea mita 1.75 kwa mzunguko. Ukiwa nayo, kila mara mlima unapokaza utakuwa unalikamua goti, na hakuna zoezi litakaloziba pengo hilo. Mwombe fundi akubadilishie gia ya mbele iwe ya meno 28, ikiwa krenki yako inaikubali. Ni kazi ya muda mfupi, na gharama yake ni ndogo kuliko kwenda na kurudi hospitali. Lengo ni kwamba unapopandisha uweze kuzungusha miguu mara 70 hivi kwa dakika, na usikubali kushuka chini ya 60 isipokuwa kwa kipande kifupi.

Sasa nieleze kwa nini mapumziko ya wiki 6 hayakukuponya. Kupumzika huondoa hasira ya goti, lakini hakuliongezei uwezo. Tena, misuli ya paja hupungua nguvu upesi mtu anapoacha kuitumia, na kwa hiyo ulirudi ukiwa na goti tulivu lililobebwa na misuli dhaifu kuliko ya mwanzo, juu ya kiti kilekile kilichoshushwa. Vilevile, sehemu za mwili hazirudi kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Misuli hufuata. Kano, gegedu na mfupa huchukua miezi. Matokeo yake ni kwamba kuna kipindi, kwa kawaida katika mwezi wa pili wa kurejea, ambapo mtu hujisikia mwepesi, pumzi haikatiki, na anaona hakuna kinachomzuia kuongeza, ilhali kiungo kilichoumia bado kiko nyuma sana. Wengi wa wanaofika kwangu na jeraha la kujirudia wameumia katika kipindi hicho hasa. Ratiba yako yote, basi, itapangwa kwa mwendo wa goti, wala si kwa mwendo wa pumzi, na itakubidi uvumilie wiki kadhaa za kujiona unafanya mazoezi ya mtoto.

Goti lisilo na maumivu kabisa si lengo la wiki za mwanzo, na ukilisubiri hilo hutaanza kamwe. Tumia kipimo cha sifuri hadi kumi, ambapo kumi ni maumivu yasiyovumilika. Maumivu yasiyozidi 3 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi yametulia kabla ya saa 24 kupita na hayaongezeki wiki hadi wiki. Kipimo kizuri kuliko vyote unacho tayari, nacho ni zile ngazi za shuleni: zishuke asubuhi inayofuata mazoezi, kabla mwili haujapata joto, na useme kweli. Zikiuma kuliko jana, zoezi la jana lilizidi, hata kama ulilimaliza ukitabasamu. Ila kuna dalili ambazo hazihusiani na kipimo hiki: goti likivimba, likikwama katikati ya kukunja, likikuachia ghafla unapotembea, au likikuamsha usiku, acha mazoezi na uende kwa daktari wa mifupa. Na kuna jaribio dogo ninalolifanya kliniki ambalo unaweza kulifanya mwenyewe. Mtu akiombwa aonyeshe panapouma, akaweka kidole kimoja kwenye kano iliyo chini tu ya pia, huwa naishuku kano. Akifunika goti zima kwa kiganja, huwa naishuku pia ya goti na mahali inapoteleza. Maelezo yako yanaelekea kwenye hili la pili, na ushauri wangu umejengwa juu yake.

Mazoezi ya nguvu yatafanyika mara tatu kwa wiki, nyumbani, na nakuomba uyape heshima sawa na ya baiskeli yenyewe. Anza kwa kuegemea ukuta kama mtu aliyekaa kwenye kiti kisichokuwepo, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu, ukae hivyo sekunde 30 hadi 45, mara tano. Baada ya wiki mbili au tatu, ingia kwenye zoezi ambalo nalitegemea kuliko yote kwa magoti ya waendesha baiskeli: simama juu ya kidato cha ngazi kwa mguu wa kushoto, kisha ushushe kisigino cha kulia polepole hadi kiguse chini, ukihesabu hadi tatu, na urudi juu. Fanya mbele ya kioo. Goti la mguu uliosimama linatakiwa lielekee kwenye kidole cha pili cha mguu. Likianguka kwa ndani, misuli ya kando ya nyonga ndiyo iliyolegea, na itabidi uiimarishe kwa kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Seti tatu za mara nane zinatosha mwanzoni. Zikiwa rahisi, beba begi lenye vitabu. Kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja, polepole, nako ni muhimu kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Sababu hiyo ni kusukuma. Watu hujiandaa kuendesha na kusahau kwamba kwenye Kilimanjaro kila mwendesha baiskeli husukuma. Hans Rey, Danny MacAskill na Gerhard Czerner, ambao ni mabingwa wa mchezo huu, walifika kilele cha Uhuru na baiskeli zao, lakini hata wao huko juu walilazimika kuzibeba mabegani na kuzisukuma. Njia ya Kilema hadi Horombo ina nafuu kubwa, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na magari ya huduma na ya uokoaji, lakini ina vipande ambavyo si busara kuvinyonga kwa mtu mwenye goti la kulinda. Baiskeli ya kilo 14 ikisukumwa mlimani kwa saa nzima hukaza misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino, na mzigo wa mikono huishia begani, upande uleule uliovunjika. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa pili, katika kila safari ya kupandisha shuka makusudi usukume kwa dakika 10, kisha 20, ukibadilisha upande wa baiskeli ili mikono yote miwili ijifunze.

Bega lenyewe halinitii hofu sana, kwa sababu mfupa ulioonekana umeunga baada ya miezi 3 na sasa una karibu miezi 11 umekwishapata nguvu ya kutosha kwa mchezo huu. Kinachobaki ni misuli, hasa ile inayoshikilia kombe la bega mgongoni, pamoja na hofu. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli kwa urefu, ifunge kwenye nondo ya dirisha, na uivute kuelekea mbavuni ukibana makombe ya mabega. Piga pushapu kwa kuegemea ukuta, kisha meza, kisha sakafu. Usiingie kwenye njia za mawe kabla hujaweza kupiga pushapu 10 za sakafuni bila bega la kulia kubaki nyuma, na kubaki umening'inia kwenye bomba kwa sekunde 20 bila maumivu.

Kuhusu kuendesha kwenyewe, Agosti na Septemba ni miezi ya tambarare. Bahati yako ni kwamba ukitoka Moshi kuelekea kusini, upande wa mashamba ya miwa ya TPC, kuna barabara za kutosha zisizo na vilima. Endesha mara tatu kwa wiki, saa moja hadi saa moja na nusu, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima, na usipande jumla ya zaidi ya mita 300 kwa wiki. Oktoba ndipo tutakapoanza kugeuza usukani kuelekea mlimani. Anza na vipande vifupi vya lami, umekaa, gia nyepesi, mita 500 za kupanda kwa wiki nzima, kisha uongeze kama mita 100 kila wiki, na kila wiki ya nne urudi nyuma hadi nusu. Nasisitiza lami kwanza, kwa kuwa kwenye lami mzigo wa goti hauna mshtuko, na ukiona umechoka unaweza kushuka tu na kutembea. Barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu inafaa sana kwa hatua hii. Ukiweza kufunga safari ya wikiendi moja hadi Mombo mwezi wa Novemba, barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni ya lami, ina kilomita zaidi ya 30, na hupanda karibu mita 1,000 bila kukupa ukuta wa ghafla. Sijui darasa zuri kuliko hilo la kujifunza kutulia kwenye mpando mrefu. Mvua za vuli zitaharibu njia za migombani na za mashamba ya kahawa, nami naona hiyo ni heri, kwani zitakuzuia kukimbilia udongo mapema.

Desemba ndio mwezi mgumu kupangia, na si kwa sababu ya mwili wako. Wewe unaishi Moshi, unajua: kuanzia wiki ya tatu kila Mchaga anarudi nyumbani, barabara za Marangu, Rombo na Machame zinajaa magari ya watu wenye haraka ya kufika kwa wazee wao, na baada ya hapo kila nyumba ina nyama na mbege. Maliza safari zako ndefu kabla ya tarehe 18, na baada ya hapo endesha alfajiri tu. Katika wiki hizo mbili za mwanzo wa Desemba nataka ufanye siku mbili mfululizo za kupanda, mita 900 hadi 1,000 siku ya kwanza na mita 500 siku ya pili, kwa kuwa goti huonyesha tabia yake halisi siku ya pili.

Sasa tuje kwenye kimo, ambapo mwendesha baiskeli yuko hatarini kwa namna ambayo mpanda mlima wa miguu hayuko. Horombo iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na msongo wa hewa huko ni chini kidogo ya theluthi mbili ya ule wa pwani. Waongozaji huwaambia wageni waende polepole, na kwa miguu jambo hilo linawezekana siku zote. Kwa baiskeli lina kikomo, kwa sababu ukienda chini ya kilomita 4 hivi kwa saa unaanza kuyumba na kuanguka. Piga hesabu: kwa gia nyepesi kabisa niliyoitaja, ukizungusha miguu mara 60 kwa dakika, mwendo wako ni kilomita 5 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 10 utakuwa unapanda mita 500 kwa saa, mwendo unaomwacha mbali mtu anayetembea taratibu. Hakuna gia itakayokupunguzia hapo bila kukuangusha. Njia pekee ya kwenda polepole kwa baiskeli ni kuishuka mara kwa mara, na nakushauri uipange hivyo tangu mwanzo: dakika 15 za kunyonga, dakika 5 za kusukuma, hata mahali ambapo unajiona una nguvu. Wenzako wakikucheka, waache watangulie.

Tatizo jingine ni usiku wa kwanza. Wapandao kwa Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kabla ya kufika Horombo. Njia ya Kilema haipiti Mandara, na ukipanda kwa siku moja utakuwa umetoka Moshi, chini ya mita 1,000, ukalala mita 3,720 usiku uleule. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mpango wenu, kama ulivyo, unaivunja kanuni hiyo. Muulizeni mwongozaji kama mnaweza kugawanya mpando. Kama haiwezekani, basi katika wiki mbili kabla ya safari tembea kwa miguu hadi Mandara na kreta ya Maundi angalau mara moja, ikiwezekana ulale huko, na Horombo mpange kulala usiku mbili, siku ya katikati mkatembee hadi miamba ya Zebra Rocks na kurudi. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au kukosa hamu ya kula ni ishara ya kutopanda zaidi. Mtu akianza kuyumba anapotembea, akichanganyikiwa, au akihema na kukohoa akiwa ameketi tu, anashushwa hapohapo, usiku au mchana. Dawa ya asetazolamidi husaidia kuzuia ugonjwa huo wa kimo, lakini ina madhara na haiwafai wote; izungumze na daktari wako, na ukishauriwa kuitumia, ijaribu nyumbani kwanza.

Hapo ndipo jibu la diklofenaki linapoingia. Usiimeze siku ya safari ili uweze kupanda. Itakunyamazishia goti, ambalo ndilo shahidi pekee tunayemtegemea, na katika mwili uliopungukiwa maji dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwamo, huzielemea figo. Kama goti linahitaji kidonge ili kuanza safari, safari hiyo ni ya kuahirishwa. Soksi ya goti sina ugomvi nayo. Haiongezi nguvu, lakini huleta joto na utulivu kwa wengine, mradi isiibane pia ya goti na uwe umeizoea mazoezini.

Kuteremka ndiko kulikokuvunja, na ndiko kutakakokuwa baada ya uchovu wote. Mtu mwenye hofu hukaza mikono, na mkono uliokazwa hupeleka kila kishindo moja kwa moja kwenye mtulinga. Tafuta mteremko mpole wenye nyasi, shusha kiti sentimita 5, simama juu ya pedeli zikiwa sambamba na ardhi, viwiko vimekunjwa na kuelekea nje, kisha jifunze kusimamisha baiskeli kwa kidole kimoja kwa kila breki, bila kufunga gurudumu. Rudia hadi ukinai. Kutoka Horombo, simama kila baada ya dakika 10 upumzishe viganja na upoze diski za breki, na kabla ya safari mwambie fundi akague unene wa pedi. Kuwa wa mwisho kwenye msafara. Asiwepo mtu nyuma yako wa kukuharakisha.

Chakula nakipitia kwa haraka: ukiwa unapanda kula wanga wa gramu 30 hadi 60 kila saa, ambao ni ndizi mbivu moja hadi mbili na zaidi kidogo, na uanze kula kabla hujahisi njaa, kwani huko juu hamu hupotea. Jambo moja ambalo wanawake wa umri wako hawaambiwi vya kutosha ni akiba ya madini ya chuma. Hedhi ikiwa nzito, akiba hiyo hushuka, na mwili hukosa uwezo wa kuzoea kimo hata mazoezi yakiwa mazuri. Pima damu mwezi huu, si Januari, maana kuirudisha akiba hiyo huchukua miezi.

Sasa vipimo vya mwishoni mwa Desemba. Nataka uwe umepanda mita 900 kwa siku moja na mita 500 kesho yake, ukashuka ngazi za shuleni asubuhi ya siku ya tatu kwa maumivu yasiyozidi 2. Uwe umeshuka kidato mara 15 kwa mguu wa kushoto bila goti kuanguka ndani. Na uwe umeteremka njia ya udongo kwa nusu saa bila bega kukaza. Ukivipita vyote, nenda, na Januari yenyewe utapunguza mazoezi hadi nusu katika siku 10 za mwisho. Ukishindwa kimoja, wenzako waende bila wewe, nawe uendelee na ratiba hii hadi msimu wa kiangazi unaoanza Juni, kwa sababu Machi hadi Mei masika huifanya njia ya msituni kuwa tope. Kwa sababu hiyohiyo, usilipe fedha zisizorudishwa kabla ya mwaka mpya. Njia ya Kilema imetengwa kwa baiskeli na ni lazima mwende na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo waulizeni KINAPA, yaani mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ada na masharti ya sasa, na mkubaliane na mwongozaji tangu mwanzo kwamba mmoja wenu anaweza kujitoa au kugeuzia njiani akiwa na msaidizi wake mwenyewe, bila msafara mzima kurudi.